Ovaroli za Kijani

Fundi Ilyasi wa Nyamirambo, Kigali, hakuwa mtu wa kumwamini mtu, na hakuona aibu kulisema hilo. Mteja akileta mita tatu za kitenge, Ilyasi alizipima mbele yake, kisha akazipima tena mteja akishaondoka, asije akaambiwa kesho kwamba zilikuwa nne. Chai aliinywa pale tu alipoiona ikimiminwa. Dereva wa pikipiki akimtajia nauli ya chini, hakupanda. Alitafuta mwingine, kwa sababu, alisema, mtu hapunguzi bei bila kuwa na lake jambo. Methali aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kikulacho ki nguoni mwako. Kwa kuwa alikuwa fundi wa nguo, watu walidhani ni utani wa kazini. Haukuwa utani hata kidogo.

Tabia hiyo ilikuwa ya ukoo. Babu yake mzaa baba alitoka Bagamoyo na mizigo ya chumvi na nguo za amerikani, akafika huku milimani, akaoa, akazeeka, na inasemekana hata alipokuwa akikata roho aliuliza funguo ziko kwa nani. Ilyasi alirithi nyumba ndogo nyuma ya msikiti, cherehani ya chuma isiyojua kuharibika, na shaka ile ile ya babu.

Basi ilikuwaje mtu kama huyo akawa na mwenzake wa kazi? Kodi ya chumba cha duka ilikuwa kubwa, ndiyo siri yake. Mwenzake aliitwa Habimana, Mkatoliki wa kutoka Huye, mpole, mwenye vidole vyembamba kama vya mpiga kinanda wa kanisani. Kiswahili alijifunzia humo humo dukani, na hakikuwahi kumnyookea. Kila mmoja alikuwa na cherehani yake, chumba walilipa nusu kwa nusu, na mashine ya ovaloki, ya kuziba kingo za nguo zisifumuke, walinunua pamoja baada ya kubishana mwezi mzima ikae upande gani wa chumba.

Siku walipokwenda kuandikisha duka kwa watu wa kodi, Habimana aliomba majina yao mawili yaandikwe. Ilyasi akakataa katakata. "Jina lako likikaa hapo," alimwambia, "iko siku nitafika asubuhi nikute duka ni lako." Habimana akacheka, akasema sawa, mzee. Tangu hapo cheti kilikuwa cha Ilyasi, leseni ya Ilyasi, na simu ya kutolea fagitire, ile risiti ya serikali ambayo kila mteja ana haki ya kuidai, ilikaa mfukoni mwa Ilyasi. Habimana akimaliza suruali ya mtu, ilibidi amwite mzee atoe fagitire. Ndivyo Ilyasi alivyotaka mwenyewe, na tulikumbuke hilo, maana yeye alikuja kulisahau siku ambayo hakupaswa.

Kazi yao kubwa ya mwaka ilikuwa ovaroli za kijani. Kampuni moja iliyopewa kazi ya kufagia barabara za upande ule iliwaagiza kila mwaka kabla ya mvua za masika, na ovaroli hizo ndizo zilizowavisha wanawake wanaoinama na fagio zao kabla jua halijachomoza. Oda hiyo ilikuwa uti wa mgongo wa duka. Mashati ya sikukuu na sare za shule zilikuwa mboga tu. Ugali ulikuwa ovaroli.

Mwaka huo oda haikuja. Mvua zilianza, zikashika kasi, mitaro ikajaa, na simu ya meneja wa kampuni ikajibu neno lile lile: "Mzee, tuko tunangoja." Ilyasi hakuamini kwamba kampuni nzima inaweza kungoja. Serikali ya Kigali isiyofagia? Barabara zilikuwa safi kama kawaida, kwa hiyo watu walikuwa wakifagia, na wakifagia ni lazima wavae nguo, na nguo ni lazima zishonwe na mtu. Nani? Hesabu hiyo ilimkosesha usingizi.

"Oda imeliwa," alimwambia mkewe, Mukabalisa, aliyekuwa akiuza chapati kwenye kibaraza karibu na duka. "Kuna mtu ameinama mahali, ameichukua."

"Mwanamume wewe," Mukabalisa alisema, "kila kisichokuja kimeliwa? Huenda pesa hakuna."

"Pesa haziishi. Zinahama tu mfuko."

Hapo, nasema bila kumpendelea, Ilyasi hakukosea sana. Alikosea mfuko tu.

Alhamisi moja, alipokuwa akifagia chini ya cherehani ya Habimana (yeye mwenyewe aliita kufagia, mkewe angeita kupekua), akaona uzi wa kijani. Akafungua mahali pa bobini, ile ya uzi wa chini. Ndani mlikuwa na uzi wa kijani ule ule, umejazwa vizuri. Wala hakukuwa na mteja yeyote aliyeleta nguo ya kijani wiki ile. Ilyasi akarudisha bobini mahali pake, akakaa kwenye kigoda chake.

Tangu siku hiyo akaanza kumchunguza mwenzake. Akagundua kwamba asubuhi cherehani ya Habimana ilikuwa na uzi mweupe, na alasiri, yeye Ilyasi akirudi kutoka msikitini, uzi ulikuwa mweupe tena, lakini vumbi la kitambaa lililokuwa mezani lilikuwa la kijani. Kumbe mtu huyu alikuwa akifanya kazi yake ya siri pale pale mwadhini anapoita! Muda ambao Mwislamu ameweka paji la uso chini, Mkatoliki anakula oda. Ilyasi aliswali siku mbili bila kujua amesoma sura gani.

Siku ya tatu alitoka dukani akisema anakwenda kuswali alasiri, akafika hadi kwenye bomba la kutawadhia, akageuka. Alipokaribia duka aliona mwanamke akitoka na furushi lililofungwa kwa kitenge. Alimjua. Alikuwa Xavérine, mfagiaji wa barabara ile ile ya duka, aliyempita kila alfajiri akiwa na fagio begani. Kwenye kona ya furushi kulikuwa kumejitokeza kitu cha kijani.

"Mwiriwe, mzee," Xavérine alimsalimu, akaharakisha.

"Mwiriwe," Ilyasi alijibu. Sasa hakukuwa na haja ya ushahidi mwingine. Kampuni ilikuwa imempa Habimana oda, yeye peke yake, na mfagiaji ndiye mbebaji, ili gari la kampuni lisionekane mlangoni.

Angeweza kuingia ndani akauliza. Hatua saba tu na swali moja, kisa kingeishia hapo. Lakini mtu mwenye shaka haulizi, kwa sababu tayari ameamua kwamba atadanganywa. Ilyasi akarudi msikitini akachelewa rakaa mbili.

Jumanne iliyofuata kulikuwa na inteko, ule mkutano wa wananchi wa alasiri ambapo maduka hufungwa na kila mwenye dukuduku husimama akalisema mbele ya majirani, na anayetajwa hujibu hapo hapo. Watu walikaa kwenye mabenchi na kwenye nyasi karibu na ofisi ya sekta. Habimana alikaa mbele. Ilyasi akachagua benchi la nyuma yake, apate kumtazama vizuri.

Siku hiyo alikuja kuzungumza Connie, mwanamke aliyekulia Kampala na aliyekuwa akishughulikia mambo ya fedha pale ofisini. Alivaa raba zenye tope la umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, ya Jumamosi, na hakuwa na karatasi mkononi. Alianza kwa Kinyarwanda, akaona wazee wa Nyamirambo wanatabasamu kwa heshima tu, akaingiza Kiswahili chake.

"Sikilizeni, wazee wangu. Mnauliza kwa nini vitu vimepungua. Serikali haiko na shamba, haiko na ng'ombe. Pesa yake inatoka mahali patatu: kodi yenu, mkopo, na msaada ya wageni. Wageni sasa wamefunga mkono. Mkopo nao uko na riba, na riba inalipwa kwanza, hata mbele ya dawa. Chungu kimekuwa kidogo, na watu wa kula ni wale wale. Ndiyo tunasema kubana matumizi."

"Si mtuongezee kodi basi mmalize!" alisema mtu kwa nyuma, na watu wakacheka kicheko kisicho na furaha.

"Kodi nyingine mnalipa tayari na hamjui," Connie alisema. "Ukinunua shati, ndani ya bei iko sehemu ya serikali, ile TVA. Umeilipa wewe mnunuzi. Mwenye duka ni mpagazi tu, anabeba mzigo wa watu mpaka ufike. Asipokupa fagitire, mzigo umebaki njiani, kwake. Halafu kesho wote tunauliza kwa nini kituo cha afya hakina panadoli."

Mukabalisa akasimama, mikono bado ina unga. "Madamu, nikibana matumizi nyumbani kwangu, naacha kununua nyama. Anayeumia ni mwenye bucha. Sasa serikali ikiacha kununua, mwenye bucha si ndiyo sisi? Na sisi tukikosa, hiyo kodi utaitoa wapi?"

"Ni kweli, mama," Connie alisema. "Kila franga tunayoikata ilikuwa inakwenda kwa mtu. Ndiyo maana tukikata sana, tunajikata wenyewe. Kwa hiyo tunakata kwanza pale panaweza kungoja. Mgonjwa hangoji. Mtoto wa shule hangoji. Lakini rangi ya ukuta inangoja. Na nguo inangoja. Hata wale wafagiaji wetu, kampuni yao imepunguziwa malipo, mwaka huu haikununua ovaroli hata moja. Haikumpa fundi yeyote. Sifurahi kuwaambia, lakini ndivyo iko."

Jibu la kila kilichokuwa kikimtafuna Ilyasi lilipita hapo, kwa lugha nyepesi, mbele ya watu mia. Yeye hakulisikia. Alikuwa akitazama kisogo cha Habimana, na alikiona kimeinama kidogo neno ovaroli lilipotajwa. Hilo ndilo alilolipokea katika hotuba nzima: kisogo kimeinama. Mkosaji!

Akasimama kabla hajapewa nafasi.

"Mimi ni Ilyasi, fundi, mnanijua wote. Madamu amesema habari ya fagitire, basi nami nione haya ya kusema? Kuna mtu hapa anashona ovaroli za kijani kwa siri. Anashona mimi nikiwa nyumba ya Mungu. Mchana kweupe wanakuja kuzichukua na furushi. Na fagitire hata moja hajatoa, wallahi, naapa, hata moja. Mtu huyo ni Habimana, amekaa pale."

Watu wakageuka. Habimana hakugeuka.

"Hilo ni jambo zito, mzee," alisema Connie. "Anashonea wapi?"

"Dukani."

"Duka ya nani?"

"Duka langu!" Ilyasi alisema, kifua mbele.

"Limeandikwa jina la Habimana?"

"Hata kidogo. Limeandikwa jina langu peke yangu, na simu ya fagitire ninayo mimi hapa mfukoni." Akaupigapiga mfuko, ili watu wasikie kwamba kweli ipo.

Alikuwa bado anaupigapiga alipomwona mkewe amejifunika uso kwa kanga. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na Ilyasi alikuwa ameingia akiwa ameshika koleo. Kama kuna nguo zilizouzwa bila fagitire, basi zimeuzwa na duka, na duka ni yeye. Faini ni yake. Duka likifungwa, ni lake. Ameapa kwa Mungu, mbele ya ofisa na majirani mia, kwamba yeye Ilyasi hajatoa fagitire hata moja. Akashika bega la mtu wa mbele yake, na bega hilo lilikuwa la Habimana.

Sasa Habimana angeweza kukaa kimya. Wengi wetu tungekaa kimya, na tungelala vizuri. Alisimama taratibu, mkono wa Ilyasi ukamtoka begani.

"Madamu," alisema, "ni kweli nilishona. Lakini sikuuza. Si ovaroli mpya, ni ile ya zamani, imepasuka magoti na makalio. Kampuni haikuwapa ingine. Hao mama wanafagia wakiwa wamefunga kitenge nyuma ili watu wasione. Mimi nilikuwa naweka kiraka, na vile vipande vya mwaka jana vilivyobaki. Hakuna hata moja alilipa."

Xavérine alikuwa amesimama tayari. Hakusema mengi. Alivuta mguu wa ovaroli yake, akaonyesha goti lenye kiraka cha kijani kilichokolea kuliko nguo yenyewe, mshono mdogo, ulionyooka. "Tulitaka kumpa kitu," alisema, "akakataa. Alisema akipokea hata franga kumi, itabidi fagitire itoke kwa mzee, na mzee atauliza."

Hapo watu wakacheka, na kicheko hicho kilimuumiza Ilyasi kuliko faini.

"Kama hakuna aliyelipa, hakuna mauzo," alisema Connie. "Na kama hakuna mauzo, mzee Ilyasi hana kosa. Kaa chini, mzee, pumzika." Akageukia swali jingine, la mfereji wa maji.

Mkutano ulipokwisha Ilyasi alimfuata Habimana hadi penye ngazi za mawe. Kofia alikuwa ameivua bila kujua.

"Habimana, ndugu yangu. Kwa nini hukuniambia? Ningekukataza kuwasaidia watu?"

Habimana hakuwa amekasirika, na afadhali angekasirika.

"Hungekataza," alisema. "Ungeuliza mimi napata nini. Ningesema sipati kitu. Halafu ungeendelea kuuliza mpaka mimi mwenyewe nianze kujiuliza."

Ilyasi akaomba radhi. Aliomba kwa Kiswahili, akaomba kwa Kinyarwanda, akasema Mukabalisa atapika pilau waje wale pamoja, yeye na watoto wake. Habimana akampa mkono, akasema amesamehe, na alisema kweli.

Ijumaa Ilyasi aliporudi kutoka msikitini, akiwa na furaha kwamba safari hii ameswali moyo ukiwepo, alikuta cherehani ya Habimana imefungwa kwa blanketi na kamba, imewekwa mlangoni. Mkasi wake, rula yake na sindano zake vilikuwa kwenye mfuko. Mashine ya ovaloki ilikuwa bado ipo mahali pake. Habimana mwenyewe alikuwa amekaa kwenye ngazi, mikono magotini, na kwa jinsi alivyokuwa amekaa, ilionekana amekaa muda mrefu.

"Umesema umenisamehe," Ilyasi alisema.

"Nimekusamehe, mzee. Lakini kusamehe ni kitu kimoja, na kukaa chumba kimoja ni kitu kingine. Nimepata chumba huko Rwezamenyo. Ovaloki ubaki nayo, tutaongea."

"Muda wote huu umefunga mzigo? Si ungekwenda tu?"

"Nilingoja urudi kutoka kuswali," Habimana alisema. "Nikienda na wewe haupo, utasema nimeiba."

Machozi yalimlengalenga Ilyasi, akageuka kama mtu anayetafuta kitu ukutani. Kisha akainama, akashika upande mmoja wa cherehani, Habimana akashika mwingine, wakaiteremsha hadi barabarani palipokuwa na mkokoteni unaongoja. Waliifunga pamoja, vizuri, kama walivyokuwa wakifunga marobota ya ovaroli miaka yote ile. Oda hakuna, mwenzake anaondoka, kodi ya chumba sasa yote ni yake, na Ilyasi alijua hayo yote, na hayo yote hayakumuuma kama kumwona Habimana akikagua fundo la kamba kwa vidole vyake vyembamba. Alitaka kumwambia neno jema la kuagana. Alifungua kinywa kwa ajili hiyo, naapa, kwa ajili hiyo tu.

"Hicho chumba cha Rwezamenyo," alisema, "ulianza kukitafuta lini?"

Habimana akamtazama.

"Jumanne, mzee. Baada ya mkutano."

Akamwashiria mwenye mkokoteni, wakaanza kuteremka kilima. Ilyasi akabaki kando ya barabara iliyofagiwa, moyo ukimuuma, machozi yakimshuka ndevuni mbele ya watu. Na huku akilia, kichwa chake kilikuwa kinamwambia kwamba chumba cha Rwezamenyo hakipatikani upesi hivyo.